Umelala Njiani Mara Ngapi?

Chukua ramani, weka rula kwenye Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, uivute hadi kiwanja cha Kilwa Masoko. Utapata kilomita 227 hivi, au maili za baharini 123, maana marubani hadi leo wanahesabu kwa maili za mabaharia. Ndege ndogo aina ya Caravan, yenye injini moja na abiria wasiozidi dazeni moja, inakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Itakufikisha kwa dakika 50, kupaa na kutua humohumo. Kutoka Masoko hadi Kikwetu, kiwanja cha Lindi, ni kilomita 107 nyingine. Mtwara iko karibu kilomita 400 kutoka Dar kwa mstari ulionyooka, mwendo wa saa moja kwa zile ndege ambazo watu walizibatiza jina la mapangaboi zilipoingia nchini mwaka 2016.

Hesabu imekwisha. Sasa mpelekee mtu wa Pande uone atakavyocheka.

Pande ni kata ya pwani katika wilaya ya Kilwa, kusini ya Songo Mnara, nchi ya mikoko, minazi na ufuta. Ukifunga uzi Dar na kuukaza hadi Kikwetu, uzi huo unapita juu ya Pande au pembeni yake kidogo tu. Lakini uzi hauna mahali pa kushuka. Mwenyeji wa huko akirudi kutoka mjini kwa ndege, kama anayo nauli, anashushwa Masoko, na hapo ndipo safari inapoanza: gari hadi njia panda ya Nangurukuru, barabara kuu ya kusini, kisha kuiacha lami na kukata kuelekea baharini. Au mashua, na mashua ina saa zake. Ndiyo maana wazee wa pwani hii hawakumuuliza mgeni ametoka umbali gani. Walimuuliza: umelala njiani mara ngapi?

Swali hilo lina asili ya kitaalamu kuliko linavyosikika. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliipima bahari kwa muda. Kipimo chao kimoja kiliitwa zam, yaani mwendo wa chombo kwa saa tatu, na bandari ikawa mbali zam kadhaa, kama sisi tunavyosema Mtwara ni saa moja. Ahmad ibn Majid, nahodha Mwarabu wa karne ya 15, aliitungia njia ya bandari ya Sofala shairi refu ili wanaosafiri waishike kichwani. Hata maneno tunayoyasikia kwenye kipaza sauti cha uwanja wa ndege yametoka majini. Rubani alikuwa mtu wa kukipitisha chombo salama kwenye miamba na mafungu kabla hajakabidhiwa usukani wa angani, na nauli ilikuwa ya nahodha kabla haijawa ya tiketi.

Habari za Kilwa nazo zinaanza na kipimo. Hadithi ya kuanzishwa kwa mji inasema Ali bin Hassan, mwana wa sultani wa Shiraz, alikikuta kisiwa mikononi mwa mfalme wa bara. Akataka kukinunua. Bei aliyotajiwa ilikuwa nguo ya kutosha kukizunguka kisiwa chote, naye akaitoa. Wanahistoria wa leo wanauchukulia Ushirazi huo kwa tahadhari, na wana haki. Mimi ninachokipenda ni lile jora linalokunjuliwa ufukweni, mkono kwa mkono, mpaka ncha zake mbili zikutane. Mreno João de Barros aliandika riwaya nyingine, ya mvuvi aliyenasa samaki mkubwa nje ya Kilwa, akaburutwa na samaki na mkondo wa bahari hadi Sofala, bila kukusudia. Hivyo ndivyo, kwa mujibu wa riwaya hiyo, watu wa Kilwa walivyoijua njia ya dhahabu.

Ukweli wa njia hiyo umo kwenye pepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili hadi Septemba. Chombo kilichotoka Arabuni au Gujarati na kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikawahi kusi ya kurudia mwaka uleule. Kikiipita Kilwa kwenda kusini zaidi, kilikuwa kimejihukumu kulala ugenini mpaka mwaka wa pili. Basi wafanyabiashara wa mbali waliishia hapo, na kipande cha kutoka Sofala wakakishika Wakilwa wenyewe kwa vyombo vyao. Kwa lugha ya leo, Kilwa ilikuwa mahali pa kubadilishia ndege, na utajiri wa mahali kama hapo tunaujua: anayesubiri hula, hulala, hununua, hulipa ushuru. Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa vilitoka kwenye kusubiri huko.

Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akitokea Mombasa, akausifu mji kwa ujenzi wake na sultani wake kwa ukarimu. Mfanyabiashara mmoja akamweleza kuwa kutoka hapo hadi Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Siku, tena. Alipoondoka alikata bahari hadi Dhofar, Omani ya leo, bila shaka akisukumwa na kusi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zilisafiri mbali kuliko yeye: mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa bara hilo, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka zilikogongwa. Zilifikaje? Kila mtaalamu ana dhana yake.

Wareno sitawakalia sana. Cabral alipita mwaka 1500, Vasco da Gama akaja 1502 na kutoza dhahabu kwa vitisho, Almeida akauteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome, na kufikia 1512 walikwisha ihama. Dhahabu ya Kilwa ipo Lisbon hadi leo, imefuliwa kuwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506. Miaka kumi na miwili hiyo ilitosha kulivuruga soko lililojengwa kwa karne tatu.

Njia ambayo haisahauliki ni nyingine, nayo haikuwa ya baharini.

Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Karne ya 19 biashara ilihamia bara, Kilwa Kivinje, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Mjerumani Albrecht Roscher aliifuata njia hiyo kinyumenyume mwaka 1859, akitoka Kilwa hadi ziwani. Ilimchukua miezi, na hakurudi, aliuawa huko mwaka uliofuata. Waliokuja upande wa pili hawakuandika safari zao. Walifika Kivinje na kupakiwa kwenye majahazi hadi Unguja.

Kisha, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari. Uingereza ikashangilia. Wafanyabiashara wa Kivinje wakatazama ramani, wakaona kuwa mkataba umeifunga bahari tu. Kilichokuwa safari ya siku mbili kwa jahazi lenye upepo mzuri kikageuka safari ya miguu kandokando ya pwani: Kivinje, Matumbi, Rufiji, Dar es Salaam, na zaidi hadi Pangani. Frederic Elton, makamu balozi wa Uingereza, alikuwa kwenye njia hiyo mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, akahesabu waliopita: zaidi ya 4,000 katika mwezi mmoja. Tufanye hesabu, kwa kuwa makala hii ni ya hesabu. Kwa barabara, Dar na Kilwa zimeachana kama kilomita 300. Mtu mzima mwenye mzigo anatembea kilomita 20 kwa siku kwa shida. Mtoto aliyefungwa shingo na wenzake, mwenye njaa, kwenye matope ya Rufiji, tusimpe zaidi ya 15. Wiki tatu. Ilipofika 1876 ndipo Barghash alipoipiga marufuku misafara ya nchi kavu. Basi linaloondoka Mbagala leo likielekea kusini linapita ukanda uleule, abiria wamesinzia, kondakta anauliza nani anashuka Somanga.

Wajerumani walikuja na meli za moshi na simu ya waya, wakaamini wamekwisha ifupisha nchi. Mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kivinje kwa kuwapinga. Miaka kumi baadaye Wamatumbi waliwaonyesha kuwa habari ina miguu yake: njwiywila, ule mnong'ono wa siri wa maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ulitembea kijiji kwa kijiji bila waya wala barua. Vita vya Maji Maji vilianza Nandete mwishoni mwa Julai 1905. Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Kufikia Septemba moto ulikwisha shika Ungoni. Hakuna tarishi wa serikali aliyeweza kuyafikia masafa hayo kwa kasi hiyo. Na kati ya 1909 na 1913, ilipochimbwa mifupa ya dainosaria Tendaguru, kusini ya Pande, zaidi ya tani 200 za mawe zilibebwa na wapagazi hadi Lindi, mwendo wa siku nne kwa mzigo mmoja, ndipo zikapakiwa melini kwenda Berlin. Mjusi mkubwa kiasi hicho amesafiri vichwani mwa watu.

Ndege za mwanzo za pwani hii hazikuja kuchukua abiria. Novemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na Waingereza hawakuwa na jicho la kuiona. Wakamtafuta H. Dennis Cutler, kijana aliyekuwa akiwafurahisha watu Afrika Kusini kwa maonyesho ya kuruka, wakamleta na ndege yake ya kutua majini hadi kisiwa cha Nyororo, kati ya Mafia na Kilwa. Katika safari yake ya kwanza Cutler alipotea. Mawingu, bahari, visiwa vinavyofanana. Akaenda kusini badala ya kurudi, akashuka majini karibu na kisiwa kitupu, na ikabidi meli itoke kumtafuta. Mvuvi yeyote wa kisiwa cha Songo Songo angemwelekeza. Baadaye aliiona manowari kweli, lakini Desemba injini ikamzimikia kwenye delta na Wajerumani wakamteka. Manowari ilizamishwa tarehe 11 Julai 1915, mizinga ya Waingereza ikiongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia.

Safari ndefu kuliko zote za angani zilizowahi kuelekea huku bila kituo njiani haikufika kabisa. Novemba 1917 jeshi la kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa nyanda za Makonde, baada ya mapigano ya Mahiwa, nyuma ya Lindi. Ujerumani ikampelekea puto kubwa lenye injini, L59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, likiwa na karibu tani 15 za risasi, dawa na vyakula. Lilikuwa la kwenda bila kurudi: kitambaa cha gamba lake kingekatwa mahema, mifupa yake ingesimamishwa mnara wa simu ya upepo, ngozi za vijia vyake zingeshonwa viatu. Lilivuka Misri, likafika Sudan, magharibi ya Khartoum, na hapo likapokea amri ya kurudi. Lilitua lilikotoka baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku lilipotua, Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kitambaa cha mahema hakikuonekana Makonde.

Halafu ikaja miaka ambayo Lindi ilikuwa karibu na Uingereza kuliko ilivyo karibu na Kilwa. Nasema hivyo nikijua ninachokisema. Juni 1937 shirika la Imperial Airways lilianza kurusha ndege kubwa za kutua majini kutoka Southampton hadi Durban. Njia yake ilifuata mto Nile, ikaja Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Kisiwa cha Msumbiji, Beira, hadi mwisho. Ndege hizo zilihitaji maji matulivu tu, na ghuba ya Lindi, pale mto Lukuledi unapoingia baharini, ilikuwa nayo. Tumbo linagusa maji, povu linaruka pande mbili, injini nne zinanyamaza, motaboti inatoka gatini kuwachukua abiria na magunia ya barua. Kutoka Dar ni saa moja na robo. Barua iliyotiwa muhuri Lindi ilifika Uingereza ndani ya wiki moja, wakati huohuo barabara ya kwenda Dar ikiwa haipitiki masika nzima. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani na Mediterania kufungwa, njia hiyo ilizungushwa kama kiatu cha farasi, kutoka Durban hadi Sydney, na Lindi ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mtu angeweza kupanda Lindi na kushuka Australia. Kwenda Pande angepanda dau.

Vita vilipokwisha, ndege za nchi kavu zikashinda na ghuba ikanyamaza. Shirika la East African Airways liliundwa mwaka 1946 na ndege ndogo za mbao na turubai, Dragon Rapide, kisha Dakota. Mradi wa karanga wa 1947 ukaipa Nachingwea kiwanja, Mtwara bandari iliyofunguliwa 1954, na reli ambayo karanga zilipokataa kuota iling'olewa mapema miaka ya 1960. East African Airways likafa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Air Tanzania ikazaliwa Machi mwaka huohuo. Tangu hapo, safari za ndege za kusini zimekuwa kama maji ya pwani, zinajaa na kupwa, na aliyebaki wakati wote ni basi.

Basi la kusini lina historia yake, na waliolipanda miaka ya 1980 na 1990 hawahitaji kukumbushwa. Pale Ndundu palikuwa na kivuko cha Rufiji. Kivuko kikiharibika, au mto ukifurika, safari inaishia hapo: watu wanashuka, wanachemsha chai, wanatandika kanga chini ya magari. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Kikabaki kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu za udongo mweusi, nacho kilikula miaka kumi mingine kabla ya kukamilika kwa lami. Wakati kipande hicho bado ni tope, Julai 2004, gesi ya Songo Songo ilianza kutiririka kwenda Ubungo: kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha 207 nchi kavu. Jumla 232. Ni masafa yaleyale ya ndege, ukiongeza tano tu. Gesi ya Kilwa ilipata njia yake iliyonyooka na isiyosimama masika wala kiangazi, na waliokwama Somanga na tairi ndani ya matope waliona bomba likifukiwa kando yao.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, na maji yakazoa makalavati na madaraja kati ya Somanga na Lindi. Kwa siku kadhaa kusini ikawa kisiwa. Foleni za malori zilijipanga huku na huku ya mikato, na neno lililorudi midomoni mwa watu, baada ya kusahaulika tangu enzi za Ndundu, lilikuwa kulala. Tumelala Somanga. Tumelala mara tatu.

Kiwanja cha Masoko hakina makeke. Kwenye nguzo pembeni kuna mfuko wa kitambaa unaoelea, mdomo wazi upepo unakotoka, mkia unakoelekea. Rubani anautazama kabla ya kutua ili aelekeze pua upande wa upepo. Mwezi wa sita mkia huo unaelekea Dar, siku baada ya siku. Tuseme abiria wetu wa Pande amepaa saa mbili asubuhi (tiketi inasema 08:00, na kuna waliowahi kuchelewa kwa kuzisoma hizo nane vibaya). Haijafika saa tatu yuko chini, begi begani, anatembea kuelekea gatini. Bamvua imeshika. Maji yanakupwa, mashua zimelala ubavu kwenye tope, na hayatajaa mpaka saa kumi alasiri. Saa kumi maji yanajaa kweli, lakini kusi imeamka, na Pande iko kusini, upepo wa mbele. Nahodha anatazama tanga lake lililokunjwa, anatazama bahari, anatema mate. Watangoja umande wa alfajiri, anasema. Abiria anapiga simu nyumbani, wasimwekee chakula.

Atalala njiani mara moja.